Mashine Haiotwi

Kaka yangu anasema nilibomoa nyumba ya mama. Amewaambia mashangazi, amewaambia watu anaosali nao Dar es Salaam, na kwenye kundi la familia la simu ameandika kwamba mimi, mtu ambaye sina hata banda la kuku, nilishika nyundo nikaharibu kazi ya fundi. Ni kweli nilishika nyundo. Mengine yote ameyaacha, na ndiyo maana nakaa hapa kuandika.

Mama anaishi Mafinga. Mtu ambaye hajalala Mafinga mwezi wa saba anadhani Tanzania nzima ni joto na nazi. Asubuhi kule maji ya ndoo yanauma meno. Ukungu unashuka kutoka kwenye miti ya paini, unakaa barabarani, na malori ya mbao yanapita yamewasha taa wakati watoto wako darasani tayari. Mtu akikusalimia, salamu inatoka mdomoni na moshi wake.

Sisi tulikulia kwenye moto. Marehemu baba alifanya kazi kiwanda cha mbao, na jioni alirudi na gunia la maranda begani. Tulikuwa na debe la rangi lililotobolewa chini pembeni. Ulisimamisha chupa katikati ya debe, ukayashindilia maranda kuizunguka kwa ngumi, kisha ukaichomoa chupa taratibu kama unayemwamsha mtoto. Likabaki tundu, moto ukapita humo, na debe hilo moja lilitutosha mpaka kulala. Ukiichomoa chupa kwa pupa, maranda yalibomoka na nyumba nzima ilikutukana. Baadaye baba alipofariki na maranda kuanza kugombewa, tulihamia kwenye mkaa.

Shule ya sekondari nilikuwa na mwalimu wa Kiswahili kutoka pwani. Nikaandika kwenye insha kwamba jioni familia yetu yote hukaa ikaota. Akaisoma mbele ya darasa, akauliza, "Mnaota nini, mmelala?" Darasa likacheka, hata wenzangu wa wilaya yetu ya Mufindi walicheka, wanafiki wakubwa, na wao walikuwa wameota jana yake. Mbegu inaota, aliyelala anaota, na aliyeshikwa na baridi anaota. Kwetu hiyo ya mwisho ndiyo ya kwanza.

Kwa sababu kwetu, mwezi wa sita mpaka wa nane, mgeni hapokewi kwa kiti. Anapokewa kwa jiko. Akipiga hodi, mwenye nyumba analisogeza jiko mpaka miguuni pake na kusema, "Karibu uote." Habari za nyumbani, habari za ugonjwa, hata habari za msiba, zinafuata mikono ikishanyooshwa. Ukimketisha mtu bila moto umemwambia aondoke upesi.

Nimezunguka sana. Nimenunua mpunga Chimala na kuupeleka kukobolewa, nimepakia mbao Mafinga, nimepanga vyumba vingi Ilomba, Mbeya, hata siwezi kuvikumbuka kwa mpangilio. Kila mahali nilipofika, nikisikia harufu ya mkaa unaoanza kushika nilirudi nyumbani kichwani. Kaka hakuzunguka. Alikwenda Dar es Salaam mara moja, akatulia, akafanikiwa, na sasa analala chini ya mashine.

Ndipo akaamua mama naye alale chini ya mashine.

Alipiga simu nikiwa nimemtembelea mama, kwa hiyo niliyasikia mwenyewe.

"Mama, nakuletea AC."

"Unaniletea nini?"

"AC, mama. Kiyoyozi. Cha ukutani."

"Baridi yote hii, baba, unaniletea friji?"

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Akaeleza kwamba hizi za sasa si kama zile za zamani, zinapoza na zinapasha, zinakula umeme kidogo kuliko hita ile ya waya mwekundu. Mama akauliza joto lenyewe linatoka wapi. Kaka akasema linatoka nje: mashine inachukua joto la nje inaliingiza ndani.

Mama akanitazama, akatazama dirishani, ambako ukungu ulikuwa umekimeza choo na nusu ya mgomba.

"Joto la nje lipi?" akauliza. "La Mafinga?"

Nataka niseme jambo moja hapa ili kaka asije akasema nimelificha. Sababu yake ilikuwa nzuri. Mama alikuwa na kifua. Daktari alikwisha kumwambia aachane na moshi, na mama alikwisha kumjibu daktari, "Ndiyo, baba," kama anavyowajibu watu ambao hana mpango wa kuwatii. Kaka alitaka kumtoa kwenye mkaa. Hilo silipingi, na inaniuma kwamba siwezi kulipinga.

Fundi akaja kutoka Dar es Salaam na mashine. Nilikuwa nimekwisha kurudi Mbeya, niliona picha tu. Mama amesimama chini ya lile sanduku jeupe, amevaa koti lake la kanisani, rimoti ameishika kwa mikono miwili kama kitabu cha nyimbo. Kundi zima likaandika hongera. Hakuna aliyetazama ukuta uliokuwa nyuma yake. Hata mimi nilimtazama yeye.

Ukutani, juu ya madirisha, baba alikuwa ameacha safu ya matundu ya hewa. Aliyajenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na upande mmoja yamepinda kwa sababu siku hiyo alikuwa na homa. Fundi aliyaziba. Aliweka dari mpya, akapaka silikoni kwenye fremu za madirisha, akapigilia mpira chini ya mlango, kisha akayajaza matundu yale saruji na kupaka rangi juu yake mpaka ukuta ukawa laini kama hayakuwahi kuwapo. Akamwambia mama, "Mama, haya matundu ndiyo mwizi wako. Ukiyaacha wazi, utapasha joto Mufindi nzima."

Kwa mashine, fundi alikuwa sahihi. Joto likivuja, mashine inahangaika na umeme unaliwa bure. Lakini mwenye nyumba iliyozibwa hivyo anapaswa kuambiwa neno moja zaidi, na neno hilo hakuna aliyemwambia mama. Fundi anasema alimwambia kaka. Kaka anasema halikuhitaji kusemwa.

Baada ya wiki mbili tatu mama akanipigia. Nikamuuliza mashine inaendeleaje.

"Joto lipo, baba. Silikatai. Ila mashine haiotwi."

"Haiotwi vipi?"

Akanisimulia. Wanajumuiya walikuja kusali nyumbani kwake. Wakaingia, wakakaa, nyumba ina joto zuri, na kila mmoja ameweka mikono mapajani hajui aipeleke wapi. Wakatazamana. Jirani yake mmoja, Mlutheri anayehudhuria jumuiya ya Wakatoliki kwa ajili ya maongezi tu, akamnong'oneza, "Dada, tumekukosea nini? Mbona hatuoti?"

"Nikaona aibu," mama akasema. "Nikamwonyesha ile mashine. Akasema, haya, sasa nifanye nini, niisalimie?"

Tukacheka wote wawili. Mama akasema alikwenda jikoni, akaleta jiko la mkaa, akaliweka katikati, na hapo ndipo maombi yakaanza. Nilimwona kichwani mwangu akilisogeza kwa mguu kama siku zote. Matundu sikuyafikiria. Kwangu mimi yalikuwa bado yapo.

Yaliyofuata nilielezwa na jirani yule baadaye, tulipokuwa hospitali. Siku ile ya maombi kina mama wawili waliondoka na kichwa kinagonga. Mara nyingine jirani mwenyewe alisikia kichefuchefu. Wakakaa wakachunguza, kwa sababu si wajinga. Wakajiuliza ni kitu gani kimebadilika katika nyumba hii. Jiko ni lile lile, mkaa ni ule ule, chai ni ile ile. Kilichobadilika ni mashine. Basi ni upepo wa mashine. Wakakubaliana kwamba wakikaa pamoja mashine izimwe, na kwa kuwa imezimwa na baridi ni kali, mkaa uongezwe.

Hesabu yao ilikuwa safi kuliko ya kaka yangu. Walikosa jambo moja tu, lile lililofunikwa kwa rangi.

Nilifika Mafinga mchana, nikiwa nimepanda lori la mchele kutoka Chimala, na gunia langu dogo la zawadi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nikapiga hodi, kimya. Nikasukuma mlango, ukakataa kwa sababu ya ule mpira, nikausukuma kwa bega.

Kulikuwa na joto zuri sana ndani. Nilivutiwa nalo kwanza, nikiwa nimelowa. Jirani alikuwa ameegemea ukuta, kikombe kimelala mapajani na chai imemwagikia sketi yake, wala hakuwa na habari. Mama alikuwa kwenye kigoda, kichwa kimeshuka karibu na magoti. Kati yao jiko limejaa, jekundu mpaka juu. Mashine ukutani imezimwa.

Mama hakuinua kichwa. Kwa sauti nzito, ya mtu aliyelewa, akasema, "Karibu uote."

Nilimbeba nikamtoa nje nikamweka kwenye majani yaliyolowa. Nikarudi nikamburuta jirani kwa makwapa, kisha nikalitupa jiko uani. Jirani alitapika palepale. Mama alipofungua macho alinitazama kwa hasira.

"Unanitupa kwenye matope," akasema taratibu. "Mimi mama yako."

"Pumua, mama."

"Nyumba ina wageni."

"Pumua."

Bajaji ikatufikisha hospitali. Wakawekewa hewa ya mtungi. Mganga alikuwa binti mdogo, hakupoteza maneno. Akauliza kama palikuwa na jiko ndani. Mama akasema lilikuwapo, kama siku zote, na akaongeza kwamba jiko hilo limekuwa ndani tangu binti huyo hajazaliwa na halijawahi kumuua mtu.

"Na hewa inapitia wapi, bibi?"

  Nikamwona mama anatembea kwa macho ndani ya sebule yake mwenyewe, anapanda ukuta, anafika juu ya dirisha.

"Yalizibwa," akasema.

Walipona wote wawili. Kesho yake wakaruhusiwa kurudi nyumbani, nami nikaazima nyundo na tindo kwa seremala wa jirani, nikapanda juu ya meza. Saruji ilikuwa ngumu, fundi hakuiba. Tundu la kwanza lilipofunguka, masizi yalinimwagikia usoni. Yalikuwa mazito, yameshikana kama lami, masizi ya jioni zote za utoto wetu. Moshi wote ambao haukuingia vifuani mwetu ulikuwa umepita pale. Baba alikuwa ameuachia njia akiwa na homa, na mtu aliyesomea kazi hiyo akauzibia kwa mwiko.

Sikufuta uso. Nilipiga mpaka matundu yote yakafunguka, na mengine niliyapanua kuliko alivyoyaacha baba, kwa hasira tu.

Jirani alinipiga picha bila ubaya akaituma kwa binti yake, na picha za Mafinga hufika Dar es Salaam haraka kuliko basi. Kaka akapiga simu. Mama alikuwa kitandani, mlango wazi, nikaiweka simu mezani kwa sauti ya juu kwa sababu mikono ilikuwa na masizi.

"Umefanya nini?"

"Nimefungua matundu."

"Umebomoa. Nimetumiwa picha. Ukuta kama umepigwa mabomu."

"Mama alikuwa anakufa, kaka."

"Kwa mkaa! Si kwa mashine yangu. Mashine ilikuwa imezimwa, nimeambiwa. Mimi nilileta kitu cha kumtoa kwenye huo mkaa."

"Ulimwambia kwamba sasa jiko lisiingie ndani kabisa?"

"Hilo linajulikana."

"Na nani?"

"Na kila mtu mwenye akili."

"Kwa hiyo mama hana."

 Nyuma yake ikasikika mashine yake mwenyewe inavuma.

"Usinigeuzie maneno, mdogo wangu," akasema. "Wewe umewahi kumpa mama nini zaidi ya mchele?"

 Sehemu ya maneno yake, ile ya mkaa, ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonichoma. Ule moto niliozunguka nao kichwani, Chimala, Ilomba, kila chumba nilichopanga, harufu ile iliyonirudisha nyumbani, ndio uliokuwa umekaa miguuni pa mama na kumlevya taratibu. Nilitamani ingekuwa mashine ndiyo yenye kosa. Nilitamani kama walivyotamani kina mama wa jumuiya, na bila kisingizio chao cha kutojua. Nikatoka uani. Jiko lilikuwa pale nilipolitupa jana yake, limelala ubavu. Nikalipiga teke likaenda likagonga ukuta wa choo.

"Hilo ni langu," mama akasema kutoka mlangoni. Alikuwa ameamka, amejifunga kanga kichwani. "Liokote."

Nikaliokota.

"Na hiyo simu bado iko wazi?"

"Niko, mama," kaka akasema kutoka mezani.

"Mmemaliza? Mmoja anaziba, mwingine anazibua. Nyumba ya nani?"

Mama akaketi kizingitini.

"Mashine naipenda," akasema. "Msinisingizie. Kifua changu kinaipenda. Nikiwa peke yangu naiwasha nalala kama mtoto. Lakini mlipokaa huko mkapanga joto langu, nani aliniuliza mgeni wangu atakaa wapi? Nani?"

"Mama, sasa umeshajua kwamba mkaa..." kaka akaanza.

"Nimejua. Nimejua kuliko wewe. Sasa sikilizeni, nawaambia ukweli wa Mungu. Umeme ukikatika, na mtu yuko mlangoni anatetemeka, mimi nitawasha jiko. Nitaahidi sasa hivi kwamba sitawasha, na siku hiyo nitawasha. Najijua. Kwa hiyo matundu yabaki."

"Lakini mama, joto lote litavuja, mashine itakula umeme..."

"Acha iule umeme. Isinile mimi."

Alipopata nguvu alianza kupanga sebule upya. Alilisugua jiko kwa majivu mpaka likang'aa, akaliweka katikati ya viti, tupu, bila hata kipande cha mkaa. Nilidhani kichwa bado hakijakaa sawa. Jirani alipokuja, naye amejifunika blanketi la hospitali alilosahau kurudisha, mashine ilikuwa inavuma juu na nyumba ina joto.

"Kamwene," jirani akasalimia kwa lugha ya kwetu mlangoni.

"Kamwene. Ingia." Mama akalisogeza jiko kwa mguu mpaka mbele yake. "Karibu uote."

Jirani akainama akachungulia ndani ya jiko. "Dada, halina moto."

"Moto uko ukutani. Hapa ni pa mikono."

Jirani akamtazama mama, akanitazama mimi, akatazama lile sanduku jeupe. "Nyie Wakatoliki," akasema. Kisha akainyoosha mikono juu ya jiko tupu, akaigeuza, akaisugua, na habari zikaanza. Sijawahi kuona jambo la kipuuzi kama hilo, na ni dakika hiyo tu sebule ile ilipokuwa sebule tena.

Kaka hajakubali. Kila mwaka baridi ikikaribia anaandika kwamba atamtuma fundi ayafunge matundu kitaalamu, na kwamba aliyebomoa ndiye angepaswa kugharamia. Kwa hiyo mimi, ambaye sikuwahi kukaa mahali majira mawili mfululizo, sasa mwezi wa sita ukiingia naacha shughuli zangu Mbeya na kwenda Mafinga kulinda mashimo ukutani. Naamka na hasira, nalala nayo. Asubuhi natia kidole kwenye jiko kuona kama kuna jivu jipya. Mara nyingi halipo. Mara nyingine lipo, na mama ananitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kusema ukweli wake mapema.

Fundi alikuja kweli, msimu uliopita. Alikuwa yule yule, na ndoo na mwiko na mfuko wa saruji begani, amevaa shati la Dar es Salaam. Midomo ilikuwa imekauka nyeupe. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri na mvua nyembamba inaanguka. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeandaa maneno, mengi yake hayaandikiki.

"Mpishe mgeni," mama akasema nyuma yangu.

Akalisogeza jiko. Safari hii lilikuwa limewaka.

Fundi akatazama mkaa. Akainua macho pole pole mpaka juu ya dirisha, kwenye matundu, ambako hewa ya moto ilikuwa inacheza na utando wa buibui na kutoka nje. Alijua anachokitazama. Kwa mara ya kwanza nikamwona kama mtu ambaye naye ana mama mahali fulani.

Akaweka ndoo chini. Akachuchumaa, akanyoosha mikono.

Baada ya muda akauliza, bila kuinua kichwa, "Sasa mama, niyazibe?"

"Ukimaliza kuota," mama akamjibu.

Aliota mpaka umeme ukarudi. Alipoondoka, mfuko wa saruji ulikuwa haujafunguliwa, na kaka anaendelea kuwaambia watu kwamba nilibomoa nyumba ya mama.